Strobu ufukweni na jua linaloingia na kutoka mawinguni: HSS au filta ya ND?

Lenzi_ya_Kisauni

Assalaam aleikum wapiga picha wenzangu. Naomba msaada wa kitaalamu kuhusu potreti za nje, hasa za jioni ufukweni Nyali na za mchana Mji wa Kale, hapa Mombasa.

Vifaa nilivyo navyo: kamera ya fremu kamili inayosinki na flashi hadi 1/200 ya sekunde, lenzi ya 85mm f/1.8 na ya 35mm f/2, strobu moja ya Godox AD200Pro, softiboksi ya sentimita 90 yenye vitambaa viwili, triga ya XPro (inayowasha strobu bila waya), stendi ya kawaida na reflekta ya nyuso tano. Wateja wengi ni maharusi na familia. Bwana huvaa kanzu nyeupe, bibi huvaa buibui au gauni lenye kung'aa.

Tatizo liko hivi. Saa 10:30 jioni jua liko wazi nyuma ya mteja. Nataka f/2.8 (apecha, yaani tundu la lenzi, iliyofunguka sana) ili minazi ya nyuma ilainike, kwa hiyo naingia HSS (mfumo unaoruhusu flashi kwa spidi ya shata kuliko ya sinki), karibu 1/2500. Strobu inafika 1/1 (nguvu kamili) na uso bado una giza. Wingu likipita napunguza spidi ya shata ili nyuma isizame, na papo hapo uso unaungua ilhali nguvu ya strobu sijaigusa. Jua likirudi, nyuma nako kunaungua. Picha za mkao mmoja zinatoka haziwiani kabisa, na kuzisawazisha kwenye kompyuta ni kazi ya usiku kucha.

Je, tatizo ni HSS yenyewe, au ni strobu ndogo? Filta ya ND (kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi) ingesaidia? Na hii hali ya mawingu mnaifuata vipi bila kumsimamisha mteja kila dakika?

---

FundiTaa_Majengo

Wa aleikum salaam dada. Strobu yako haina kosa. Uso kuungua pale unapopunguza spidi ya shata ndiyo tabia ya HSS, na ukishaijua sababu yake utaweza kuidhibiti.

Ukiwa 1/200 au chini yake, sensa yote huwa wazi kwa wakati mmoja. Mwako wa strobu ni wa muda mfupi sana, unaingia wote, kisha shata inafunga kwa wakati wake. Ndiyo maana 1/200, 1/100 na 1/50 zote zinakupa flashi ile ile usoni. Kinachopanda na kushuka ni jua peke yake. Ukivuka 1/200, mapazia mawili ya shata yanafuatana kwa karibu na kuacha ufa mwembamba unaopita mbele ya sensa, na strobu inalazimika kutoa mimweko midogo mingi mfululizo mpaka ufa umalize kupita. Hapo kila stopu (mwanga mara mbili au nusu yake) ya shata inagusa jua na flashi kwa pamoja. Ukitoka 1/2500 kwenda 1/640 kwa sababu ya wingu, nyuma umeiongezea stopu 2, na uso pia umeuongezea stopu 2. Hicho ndicho unachokiona.

Kwa jua lisilotulia napendelea kila mwanga uwe na kidhibiti chake: shata ishike jua, nguvu ya strobu ishike uso, na visiingiliane. Hilo linawezekana tu ukibaki 1/200 kushuka chini, na ili ubaki hapo na f/2.8 kwenye jua unahitaji ND.

Hesabu yake: jua wazi bila wingu linataka karibu ISO 100 (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga), 1/200, f/11. Kutoka f/11 hadi f/2.8 ni stopu 4. Filta ya stopu 4, ile inayoandikwa ND16, inakupa ISO 100, 1/200, f/2.8. Kwa HSS ungefika f/2.8 hiyo hiyo kwa 1/3200. Sasa tazama strobu inalipia nini kila upande. Ukiwa na ND, apecha iliyofunguka inakupa stopu 4 na filta inazichukua zote 4, kwa hiyo strobu inatakiwa itoe mwanga wa f/11 usoni. Ukiwa na HSS, apecha inakupa 4, shata inachukua 4, halafu kule kuingia tu kwenye mfumo wa HSS kunakula nyingine 1 hadi 2. Stopu 2 kwa strobu ya 200Ws (kipimo cha nguvu ya strobu) ni sawa na kuhitaji strobu ya 800Ws. Kwa hiyo kununua filta moja nzuri kunakufaa kuliko kununua strobu mpya, angalau kwa sasa.

Kabla ya kwenda kwa mteja, ipime strobu yako. Msimamishe mtu kivulini, ISO 100, 1/200, f/11 bila filta, softiboksi mita 1.2 kutoka usoni, nguvu 1/1. Uso ukitoka sawa, umeshajua kwamba jua kamili unaliweza kwa umbali huo. Ukiwa na giza, vua kitambaa cha ndani cha softiboksi kwanza, halafu sogeza karibu. Umbali ni nguvu: kutoka mita 1.7 hadi 1.2 unapata stopu 1, kutoka 2.4 hadi 1.2 unapata 2. Andika namba hizo kwenye kipande cha tepu ubandike ubavuni mwa strobu. Ukiwa ufukweni hutahesabu tena.

Uwanjani zima strobu kwanza. Weka ISO 100 na f/2.8 na filta, kisha tafuta spidi inayokupa anga na maji yenye rangi. Usiuangalie uso hata kidogo, acha uwe mweusi. Anza na 1/200 jua likiwa wazi. Ukipenda nyuma iwe nzito zaidi, funga f/4 au tumia ND ya stopu 5, lakini kumbuka kila stopu unayoizamisha nyuma strobu inailipia, na 200Ws haina akiba kubwa. Ndipo uwashe strobu na upandishe nguvu mpaka uso ukae.

Wingu likiingia, macho yako yawe kwenye nyuma ya picha na kidole kwenye shata: 1/200, 1/160, 1/125, 1/100. Strobu usiiguse, uso hautabadilika. Wingu zito linaweza kuteremsha mwanga stopu 2 hadi 3, na hapo shata peke yake haitoshi kwa 85mm. Chini ya 1/80 mkono unatikisa, na hata mkono ukitulia, shela na majani ya mnazi yanayopeperushwa yanaacha ukungu pembeni mwa mtu. Kwa hiyo teremsha shata stopu 1, na stopu iliyobaki ichukue kwa ISO: 100 iwe 200, na wakati huo huo strobu kutoka 1/1 hadi 1/2. ISO inapandisha vyote viwili, nguvu inarudisha uso mahali pake. Faida nyingine ni kwamba strobu inachaji haraka zaidi kwa 1/2 kuliko kwa 1/1, ambapo AD200 inakaribia sekunde 2.

Wingu likiwa dogo na linakimbia, usibadilishe kitu. Tazama kivuli chake kinavyotembea mchangani, utaona ukingo wake unakuja na unaondoka. Mpe mteja nafasi ya kupanga nguo, kisha endelea.

Kama utabaki na HSS kwa sababu yoyote, kariri hili moja: shata ikishuka stopu 2, nguvu nayo ishuke stopu 2. Ukitoka 1/2500 kwenda 1/640, strobu itoke 1/1 kwenda 1/4.

Mambo yanayoharibu kazi hata hesabu ikiwa sahihi: mstari mweusi chini ya picha unamaanisha umevuka sinki bila kuwasha HSS, au triga inachelewa kidogo, shuka 1/160. Shata ya kielektroniki izime. Hata ile ambayo pazia la kwanza pekee ndilo la kielektroniki izime ukiwa HSS, kwa sababu inaweza kufanya mwanga usiwe sawa juu na chini ya picha. Filta ya ND ya kuzungusha iepuke kwenye lenzi ya 35mm, inaleta alama kama msalaba angani ukiikaza sana. Nunua ya namba moja isiyobadilika, na piga picha ya kadi ya kijivu mwanzoni maana filta nyingi zina rangi yake kidogo.

---

Kusi_na_Kaskazi

Nakubaliana na Fundi kwenye hesabu. Mimi naongeza habari ya mahali, kwa sababu pwani yetu ina jiografia inayompa mtu shida asipoijua.

Nyali, Bamburi na Shanzu zote zinatazama mashariki. Jioni jua liko upande wa bara, nyuma ya mahoteli na minazi. Ukitaka bahari iwe nyuma ya mteja saa 10:30, jua linampiga usoni na atakunja macho. Ukitaka jua liwe nyuma yake, kamera inatazama bara na nyuma yake utapata minazi na kuta za hoteli. Huwezi kupata bahari nyuma na jua nyuma kwa pamoja jioni. Hilo ni la asubuhi, saa 12:30 hadi saa 2, jua likitoka baharini.

Lakini jioni Nyali ina zawadi yake. Kivuli cha minazi kinapoteremka mchangani, msimamishe mteja ndani ya kivuli hicho, mgongo baharini. Maji bado yana jua, yeye yuko kivulini, na tofauti ni stopu 2 hadi 3. Hapo ndipo strobu inapofanya kazi nzuri zaidi: weka ekspozha ya maji, jaza uso kwa strobu. Macho hayakunjwi, na wingu likipita kinachobadilika sana ni maji tu, uso unabaki.

Kwa jua linalozama ng'ambo ya maji nenda English Point, utazame upande wa Mji wa Kale. Jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:45 jioni kutegemea mwezi. Novemba ni mapema, Februari ni kuchelewa. Desemba linazama kusini zaidi ya magharibi, Juni kaskazini zaidi, kwa hiyo fremu uliyoipenda mwezi mmoja haitakungoja mwezi mwingine.

Huku karibu na ikweta jua linashuka wima, nyuzi 15 kwa saa. Saa moja kabla ya kuzama liko nyuzi 15 tu, mwanga umepungua stopu 1 na zaidi na unaendelea kupungua. Ukifika hapo ND16 ni nzito mno, badilisha iwe ND8 (stopu 3) au uivue kabisa. Adhana ya Magharibi ikilia jua limeshazama, na una kama dakika 20 za anga ya buluu kabla ya giza. Wengi wanataka kwenda kuswali muda huo, kwa hiyo kubaliana na familia mapema kuhusu picha za anga ya buluu, au zipange baada ya swala ukijua kwamba hakutakuwa na anga.

Adhuhuri ni ngumu, na karibu Machi 10 na mwanzoni mwa Oktoba ni ngumu zaidi: jua linakuwa utosini kabisa, macho yanageuka mashimo meusi. Juni kivuli cha adhuhuri kinaangukia kusini, Desemba kinaangukia kaskazini, ndiyo maana ukuta uliokupa kivuli wakati mmoja hauna kivuli wakati mwingine.

Mji wa Kale ndio mahali pa kukimbilia mchana. Kwenye Ndia Kuu na vichochoro vyake jua linapiga ukuta mmoja tu. Msimamishe mteja hatua moja ndani ya kivuli, ageukie ule ukuta wenye jua. Ukuta uliopakwa chokaa ni reflekta kubwa kuliko yoyote utakayonunua. Strobu hapo ni ya kutia uhai machoni tu, 1/16 au 1/32. Chunga rangi: ukuta wa manjano au wa kijani unampaka mtu rangi yake shavuni. Kuta za Fort Jesus zinarudisha mwanga wenye joto, ambao ngozi yetu inaupenda, ila kwa kazi ya biashara ndani ya ngome ulizia ruhusa mapema kwa Makumbusho ya Taifa.

Sasa upepo. Softiboksi ya sentimita 90 juu ya stendi ni tanga. Kusi la katikati ya mwaka halina huruma, na kaskazi la Desemba hadi Machi nalo huongezeka mchana. Stendi ya kawaida bila uzito itaanguka, si suala la bahati. Chukua dumu la lita 10, ulijaze maji pale pale, ulifunge kwa kamba katikati ya miguu ya stendi, likae karibu na ardhi lisining'inie na kupembea. Mguu mmoja uelekee kule softiboksi inakoegemea, yaani kule upepo unakoisukuma. Miguu itanue kadiri inavyokubali na izike kidogo mchangani. Na usiinue stendi zaidi ya haja, kwa mtu aliyekaa mita 1.6 inatosha. Upepo ukizidi, vua softiboksi ya 90 uweke ya 60, au mpe msaidizi aishike kwa fimbo. Msaidizi anageuza ubavu upepo ukija, stendi haiwezi.

Tazama pia jedwali la maji. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, na maji yakianza kujaa yanakuja haraka kuliko unavyodhani ukiwa na jicho kwenye kamera. Strobu ya betri ikiguswa na maji ya chumvi imekwisha. Kupwa kukubwa kunakupa kitu kizuri: mchanga uliolowa unaakisi anga na unajaza mwanga chini ya kidevu bila reflekta.

---

Picha_za_Harusi_Likoni

Mimi napingana kidogo na suala la ND kwa harusi. Ukiwa na maharusi, wazee, watoto na ratiba ya dakika 25, hakuna muda wa kufunga na kufungua filta. Weka kamera kwenye kipaumbele cha apecha f/2.8, fidia ya ekspozha -0.7, HSS imewashwa, strobu kwenye TTL (hujipimia nguvu yenyewe). Wingu likija kamera yenyewe inashusha shata, TTL yenyewe inashusha flashi. Unafikiria mkao tu.

Nguvu haitoshi? Vua softiboksi. AD200 na kichwa chake kitupu au reflekta yake ndogo inatoa mwanga mwingi kuliko ikiwa ndani ya vitambaa viwili. Mwanga utakuwa mkali, ndiyo, lakini uweke mbali kidogo na juu, ufuate upande wa jua, utaonekana kama jua lenyewe.

---

FundiTaa_Majengo

Njia hiyo inafanya kazi, na kwa picha za watu wanaotembea ni bora kuliko yangu. Ila kuna mitego miwili. TTL inapima mwanga unaorudi, na haijui kanzu wala buibui. Fremu ikijaa kanzu inadhani mwanga umezidi na inapunguza, uso unazama. Fremu ikijaa buibui inaongeza, uso unaungua. Mtego wa pili ni joto. HSS kwa nguvu kubwa mfululizo inachemsha taa, na kwa joto letu la Februari na Machi strobu inajikinga kwa kuchelewesha kuchaji. Ikinge jua kwa kitambaa cheupe kati ya mkao na mkao, na usiiache juani kwenye mchanga.

Kwa XPro kuna njia ya kati: piga moja kwa TTL, ukiipenda bonyeza TCM. Triga inageuza kile TTL ilichopima kuwa nguvu ya mkono, na kutoka hapo hakibadiliki mpaka ukibadilishe wewe.

---

Lenzi_ya_Kisauni

Shukran sana nyote, nimeelewa sasa kwa nini uso ulikuwa unaruka. Mnisaidie na hili la mavazi: kanzu na buibui kwenye fremu moja, uso wa mteja una jasho unang'aa kipajini, na jua likianza kuwa la dhahabu uso unaonekana wa buluu dhidi ya nyuma. Na mara nyingine strobu hailipuki kabisa ingawa betri imejaa.

---

BiPicha_Tudor

Dada, nianze na kanzu. Kanzu nyeupe na uso wa mtu mweusi vinaweza kupishana stopu 3 hadi 4 chini ya mwanga ule ule. Ukipiga softiboksi moja kwa moja kifuani, kanzu inaungua kabla uso haujafika. Inua softiboksi na uigeuze juu kidogo, katikati ya mwanga ipite juu ya kofia, uso upate mwanga wa karibu na katikati na kifua kipate ukingo tu. Kama bado ni kali, mwambie msaidizi ashike kitambaa cheusi chini ya ukingo wa softiboksi kikate mwanga wa kifuani. Washa milia ya onyo kwenye kamera (zebra, inayoonekana pale panapoungua), iweke 100, na kanzu isioneshe milia isipokuwa sehemu ndogo begani panapopigwa na jua. Piga RAW (faili ghafi). Uso ulio chini nusu stopu unainuka vizuri, nyuzi za kanzu zilizoungua hazirudi.

Wakiwa wawili, panga nani yuko karibu na taa. Bibi mwenye buibui akae mita 1.2 kutoka kwenye softiboksi na bwana mwenye kanzu mita 1.7. Tofauti hiyo peke yake ni stopu 1 na inafanya kazi bila kugusa kitufe chochote. Kosa la kawaida ni kuwasimamisha wote kwa umbali sawa halafu kuhangaika kwenye kompyuta.

Buibui usilipandishie ekspozha ili lionekane. Jeusi libaki jeusi. Kinacholionesha ni ukingo: jua la nyuma kwa pembeni likiteleza kwenye mikunjo, nakshi ya mkono inatokea yenyewe. Jua likiwa nyuma kushoto, weka strobu mbele kulia, nyuzi 45 hivi, katikati ya softiboksi juu ya macho na ukingo wa chini usawa wa kidevu. Mng'ao wa taa ndani ya jicho ukae juu pembeni. Ukiuona katikati ya mboni, taa iko chini mno.

Jasho: huku unyevu haukwepeki, na mng'ao mdogo mkali kipajini unatokana na chanzo kidogo cha mwanga. Leta softiboksi karibu, inakuwa kubwa machoni pa ngozi, na ule mng'ao unasambaa na kuwa mzuri. Ngozi nyeusi inapendeza ikiwa na mng'ao mpana. Usiufute wote kwa poda mpaka uso uwe kama chaki. Tishu ya karatasi iwekwe na kubonyezwa, isisuguliwe, kisha poda kidogo isiyo na rangi kwenye kipaji, pua na juu ya mdomo. Rudia kila mnapobadili mahali. Na kwa sababu hiyo hiyo, ukienda na strobu tupu kama alivyosema ndugu wa Likoni, jasho litaonekana kila tone.

Rangi: strobu yako iko karibu 5600K (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikishuka mwanga ni wa dhahabu zaidi) muda wote, jua linashuka. Usibadilishe mizani ya rangi kwenye kamera, ivishe strobu jeli ya CTO (plastiki ya rangi ya chungwa). Kuanzia saa 11 jioni weka robo CTO, mwanga unashuka hadi karibu 4500K. Saa 11:45 weka nusu CTO, karibu 3800K. Kamera iache 5200K hivi, na uso na jua vitakuwa na joto moja. Nusu CTO inakula karibu nusu stopu, lakini jua nalo limepungua, kwa hiyo hutaihisi. Jua likishazama, CTO nzima na kamera 3400K: uso unabaki wa kawaida na anga inazidi buluu. Nyuma ya mteja pakiwa na taa za hoteli za manjano, rudi kwenye nusu CTO na upandishe K ya kamera, vinginevyo taa zitaonekana karibu nyeupe na picha inapoteza jioni yake.

Reflekta yako usiisahau. Ule uso wake mwembamba unaopitisha mwanga, ukishikwa kati ya jua na kichwa cha mteja saa 6 mchana, unalainisha kila kitu na kupunguza stopu 1 hadi 1.5. Kwa potreti ya kifua kwenda juu hutahitaji strobu. Fremu ikipanuka haufai tena.

---

FundiTaa_Majengo

Kuhusu strobu kutolipuka: angalia kwanza kama triga iko karibu sana na taa. XPro ina mpangilio wa umbali, 0 hadi 30m na 1 hadi 100m. Ukiwa umeiacha kwenye 1 hadi 100 na msaidizi amesimama begani mwako na taa, mawimbi yanakuwa na nguvu mno na taa haisikii. Weka 0 hadi 30. Pili, karibu na mahoteli Wi-Fi ni nyingi na ziko kwenye masafa hayo hayo ya 2.4GHz, kwa hiyo badilisha chaneli na uweke ID (namba ya utambulisho) moja kwenye triga na kwenye strobu pia. Tatu, vua triga utazame kiatu chake juu ya kamera: chumvi ya bahari inaacha utando kwenye vile vidoti vya chuma. Futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuvalisha triga.

Baada ya ufukwe pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi kwenye stendi, kamera na mwili wa strobu, halafu kikavu. Stendi ivute yote na kuisafisha viungo, mchanga ukibaki ndani unakwaruza na siku moja haitakaza. Na ukitoka chumba cha hoteli chenye kiyoyozi, lenzi iache ndani ya mfuko uliofungwa kama dakika 30 nje kabla ya kuifungua. Ukiitoa mara moja, ukungu unakaa kwenye kioo na hata kwenye filta, na ukifuta unarudi. Kwa kikao cha saa 10:30, mfuko uwe nje saa 10.